Sifa za Kiambaza

Washairi wa mwambao wamesifu vingi. Wamesifu dau na tanga lake, mnazi na tambuu, wakasifu na wanawake ambao hawakuwahi hata kuwaamkia. Sijasikia aliyesifu kiambaza. Nakisemea kile cha fito na udongo kinachoigawa nyumba moja kuwa mbili: upande huu mimi na watu wangu, upande ule jirani na wake, na kikohozi ni cha wote. Wenye kutaka kukiziba kisipitishe sauti wamekuwa wengi siku hizi, nami nimeona nikitetee kabla hawajafika kwangu.

Chetu hapa Kismayu hakitimii shubiri kwa unene. Fito zimefungwa kwa kamba, zikajazwa vijiwe vya matumbawe na udongo, kisha pakakandikwa kwa kiganja. Ukipapasa karibu na kitanda changu utakuta alama za vidole vinne vya aliyekandika, gumba sijaliona. Wala hakifiki juu, na hapo ndipo ufundi ulipo. Kinaishia kwenye mtambaapanya, na kutoka mtambaapanya hadi makuti ni uwazi mtupu, upepo upite. Panya naye hupita, na maneno hupita. Wazee walijua kwamba nyumba isiyopitisha upepo katika joto letu ni tanuri, wakachagua kusikiana kuliko kuokwa.

Sasa nihesabu fadhila zake. Saa sijanunua, kwa sababu ami wa upande wa pili hupiga chafya tatu kabla ya alfajiri, si mbili wala nne, na akimaliza ya tatu mwadhini hukohoa kwenye kipaza sauti. Mkoromo wake hunipa habari za afya yake bila kumsumbua kwa maswali. Mtoto wao akiota meno, tunaota sote.

Lakini sikiliza hili la mbuzi ya nazi. Ami ni mvuvi, na mashua ikirudi na kitu, mkewe huketi kukuna nazi, na ule mkwaruzo wa chuma hupenya udongo kama hakuna kitu. Najua ni mchuzi. Zikipita jioni mbili sijasikia mbuzi, najua kusi imechafua bahari na mashua haikushuka. Hapo mke wangu hujaza bakuli, akalifunika kwa kawa na kumpa mtoto alipeleke. Hakuna aliyeomba, hakuna aliyeona haya. Wala bakuli halirudi tupu. Likikosa samaki litarudi na ndimu mbili. Nionyeshe ukuta wa zege uliowahi kufanya kazi hiyo.

Kielimu je? Idhaa za BBC za Kiswahili na Kisomali zilianza mwaka mmoja, 1957. Marehemu baba alifungua ya Kiswahili, jirani wa enzi hizo akafungua ya Kisomali, na kwa kiambaza kimoja tukawa tunapigwa na kila vita mara mbili. Kisomali changu chote kimepitia hapo. Ndugu zetu Wabajuni wanaoomba hifadhi Uingereza hupimwa lugha, ipi wanaijua na wameipatia wapi. Mimi nikiulizwa nitajibu kweli, “ukutani,” jibu ambalo halina nafasi katika fomu yoyote.

Na ni mahakama isiyo na ada. Mwezi uliopita nilimfokea mke wangu kwa jambo nisilolitaja hapa, maana mtaa wote unalijua. Asubuhi ami alinisalimia kwa upole uliopita kiasi. Mkewe, ambaye siku zote huniitikia kabla sijafungua kinywa, alikuwa na shughuli kubwa ya kutazama kuku. Kesi ikawa imekwisha, na aliyeshindwa ni mimi, nimeshika ndoo mlangoni.

Matajiri wa zamani walikosa raha hii. Tazama magofu ya visiwa vya Koyama na Ngumi, au majumba ya Lamu yaliyosimama bado: kuta za matumbawe na chokaa, nene mpaka unaweza kuchonga zidaka ndani yake ukapanga vyombo vya Kichina. Ndani ya kuta hizo mtu aliweza kugombana, kulia na kuzeeka bila jirani kujua. Wenye Ngumi walihama, na hakuna aliyesikia wakifunga mizigo.

Sisi tumepata hata chembamba kuliko hiki. Vita vya 1991 vilipotutoa kwetu, wengi tulifikia kambi ya Jomvu, Mombasa, na huko ukuta ulikuwa turubai. Mtu akijigeuza usingizini, safu nzima iligeuka naye.

Nakiri dhambi yangu. Mwaka jana, baada ya usiku mmoja wa meno ya mtoto, nilitaka kukiua kiambaza. Nikatundika mablanketi, nikabandika trei za mayai, nikasindilia makumbi kwenye nyufa. Kumbe blanketi na trei hupunguza mwangwi wa chumba chako tu. Sauti ya jirani hupita kama kawaida. Kinachoizuia ni uzito. Ukuta ukiufanya mzito mara mbili, unapunguza desibeli tano au sita, na sikio linataka kama kumi hivi kabla halijakubali kwamba kelele imepungua nusu. Kwa hesabu hiyo ningekandika udongo mpaka chumba kiishe, na bado pale juu ya mtambaapanya pangebaki wazi. Nilikuwa nimepanda kibago, natafuta pa kuanzia, ndipo nikasikia sauti ya upole kutoka upande wa pili: “Mwanangu, hapo mkono wa kushoto ndipo panapovuja zaidi.” Nikateremka.

Binti wa dada yangu yuko London. Kanuni za ujenzi za huko zinataka ukuta baina ya nyumba mbili mpya ukate sauti ya maongezi kwa desibeli 45 kwa uchache. Amekaa miaka minne na jirani amemjua kwa gari lake tu. Alipotwanga bizari kwenye kinu, mtetemo ukapita sakafuni, na jirani hakugonga mlango: aliandika barua. Kuna na sheria nzima ya kuta za pamoja, ya 1996, ukitaka kuukata au kuujengea ukuta lazima umpe mwenzio notisi kwa maandishi. Sisi yetu ni ya kale zaidi. Mtume amekataza mtu kumzuia jirani yake asipachike boriti katika ukuta wake, na Abu Huraira aliyeipokea hadithi hiyo aliwakaripia waliokunja nyuso. Boriti ya ami imekaa upande wangu tangu kabla sijazaliwa. Naitundikia kanzu.

Haya nimeyaandika usiku, nikiyasoma kwa sauti ili nisikie kama yanakaa sawa. Nilipofika kwenye bakuli, upande wa pili walinyamaza kabisa, hata mtoto. Nilipofika kwenye mkoromo, ami alisema yeye hakoromi, anayekoroma ni mimi, na mkewe akasema ni kweli.