Karani Hataki Mgeni Mwenye Helmeti

Kama una mbwa nyumbani na simu mfukoni, wewe ni ndugu yangu katika mateso haya, kwa hivyo vuta kiti. Simu inaita vitu: gesi, unga, viatu vya shule, dawa ya kuku. Mbwa anavifukuza. Mimi niko katikati, kamba mkono huu, pesa za mzigo mkono ule, nikimwomba radhi kijana aliyesimama juu ya kiti cha pikipiki yake kama yuko juu ya paa la nyumba.

Hapa Karurumo, upande wa Runyenjes, zamani mgeni alionekana tangu akiwa mbali, akipita kati ya miti ya kahawa, akipiga hodi kabla hajafika. Mbwa alibweka, mtu akatoka nyumbani, salamu zikaanza. Kisha M-Pesa ikaja mwaka 2007, na mwaka uliofuata Serikali ikaondoa VAT kwenye pikipiki ndogo. Hayo mawili yalipokutana, duka likahamia mlangoni. Sasa mtu anaagiza kitu Nairobi asubuhi, kinapakiwa kwenye matatu, kinashushwa Embu au Runyenjes, na boda anakileta hadi kwenye ua wa kayaba kabla ng'ombe hawajakamuliwa jioni. Mimi nayafurahia maendeleo haya kwa moyo wote. Nakumbuka mama yangu akitembea na mtungi wa mafuta ya taa kutoka sokoni. Lakini mbwa wetu anaitwa Karani, na Karani hakuulizwa.

Jina hilo alipewa na mama mkwe wangu, ambaye watoto wanamwita Cucu na mimi, nikiwa mbali naye, namwita Cucu wa Redio. Redio yake ndogo hukaa kifuani, chini ya leso, na huzimwa wakati wa sala tu. Alikuja kwetu akae wiki chache mguu upone. Mguu ulipona, na Cucu akabaki, na nyumba ikachangamka. Yeye ndiye aliyemtoa mbwa huyu kiwanda cha kahawa, akiwa bado anatetemeka, mama yake amelala nyuma ya mizani. Ukipeleka kahawa yako kiwandani unajua nguvu ya karani: kilo asiyoiandika haipo. Basi mtoto wa mbwa alipofika nyumbani akaketi langoni na kumkagua kila apitaye, Cucu akasema, huyu ni karani. Hakuna mtu anayeingia hapa bila kuandikwa.

Kwa watu wa miguu, hana neno. Mama wa jirani akija kuomba moto, Karani anatikisa mkia. Mnunuzi wa makadamia, ambaye kwa maoni yangu ndiye angestahili kubwekewa kidogo bei ikiwa mbaya, hupokewa kama mwana wa nyumba. Shida ni helmeti. Mtu mwenye kichwa cha mviringo, kinachong'aa, kisicho na uso, aliyevaa reflekta ya njano na kubeba kifurushi, akafika kwa mngurumo, huyo kwa Karani si mtu. Hata mchukuzi wa maziwa, anayekuja alfajiri kila siku na mikebe yake imefungwa nyuma ya pikipiki, amejifunza kuvua helmeti kwenye kona ya mwembe, kwenye baridi ile ya mlimani, ili mbwa amwone masikio.

Mke wangu ni Kamishna. Cheo hicho alijipatia kwa kuitisha mikutano. Yeye ndiye mwagizaji mkuu, na ni mwagizaji mwenye akili: anajua bei ya kila kitu Gikomba, anajua matatu gani hubeba mzigo bila kuukalia. Ila Karani akianza kubweka, Kamishna hutokea dirishani na kupiga kelele, "Karani, nyamaza! Karani! Wewe Karani!" Sauti yake inafika ng'ambo ya mto. Karani akisikia hivyo anaongeza bidii, kwa sababu sasa anaona mkubwa wa nyumba naye amejiunga na kazi.

Maelezo hayo si yangu. Ni ya binti yetu mkubwa, tunayemwita Daktari ingawa bado anasoma, pale AHITI Ndomba, Kirinyaga, wanakofundisha afya ya mifugo. Alipokuja likizo alikaa kwenye kibaraza na kikombe cha chai akamtazama Karani akimfukuza kijana aliyeleta sufuria. Kisha akatueleza jambo ambalo tangu siku hiyo limekataa kutoka kichwani mwangu. "Baba, mtazame vizuri. Mtu wa mzigo anakuja. Karani anabweka. Mtu anaondoka. Nyinyi mnajua anaondoka kwa sababu amemaliza kazi. Karani anajua anaondoka kwa sababu amebwekewa. Ameshinda. Na kesho anakuja mwingine, na anamshinda tena. Hajawahi kushindwa hata siku moja tangu azaliwe."

Nikamwangalia yule mbwa, amelala kivulini, ulimi nje. Mfanyakazi gani wa nyumba hii angeweza kusema hivyo?

Mgeni wa kawaida hukaa, hunywa chai, hunuswa viatu, na mbwa hupata muda wa kumjua. Boda haketi. Anashuka, anakabidhi, anaondoka, na kila ziara yake fupi ni ushindi mwingine kwa mbwa. Ndiyo maana tatizo hili limezidi katika boma zetu tangu mizigo ianze kuja, na si kwetu peke yetu. Daktari alituambia kwamba shirika la posta la Marekani hutoa hesabu kila mwaka ya wapeleka barua walioshambuliwa na mbwa, na mwaka 2023 walikuwa zaidi ya 5,800. Cucu akapunguza redio. "Hata Marekani?" Hata Marekani, Cucu. Akaridhika sana, akaipandisha redio tena.

Sasa niende kwenye siku ya gesi, maana nimekuwa nikiizunguka.

Kijana wa gesi tunamwita Mheshimiwa kwa sababu ya namna anavyosalimia. Anashika kofia yake, anainama, "Shikamoo Mwalimu, shikamoo Cucu," hata akiwa na mtungi wa kilo 13 begani. Siku hiyo Karani alikuwa amefungwa. Nilimfunga mwenyewe. Lakini mwanangu wa pili, Wakili, ambaye hushindana na kila amri mpaka ionyeshwe ilikoandikwa, aliona mbwa amefungwa juani na akamhamisha kivulini, na kivuli kilichokuwa karibu ni cha mparachichi ulio hatua chache kutoka langoni. Kamba ilikuwa ndefu. Mheshimiwa aliingia, mtungi begani, mikono yote miwili juu. Karani alimshika suruali chini ya goti.

Suruali ilichanika hadi chini. Mguuni kulikuwa na mchubuko, mdogo, damu kidogo sana. Mheshimiwa mwenyewe akasema si kitu, ana mizigo mingine miwili Kathageri. Hapo ndipo niliona faida ya kusomesha mtoto. Daktari alimwondolea mtungi begani akamkalisha kwenye kigoda kando ya bomba, akafungua maji, akampa Cucu kipande cha sabuni. "Dakika kumi na tano. Si mbili, si tano. Maji yatiririke." Cucu, ambaye huwa hainami kwa ajili ya mtu yeyote akisingizia ule mguu uliopona, aliinama akauosha mguu wa yule kijana kama wa mjukuu wake. Mtoto wetu wa mwisho, Kasuku, alishika simu yangu akisoma dakika kwa sauti. Povu likashuka kwenye mfereji hadi kwenye migomba. Mheshimiwa aliona haya, akawa anatazama juu kwenye mparachichi.

Wengine wataona tulizidisha kwa mchubuko. Sikubali. Kichaa cha mbwa dalili zake zikishajitokeza kwa mtu, karibu kila mara ni kifo, na karibu visa vyote vya binadamu vinatoka kwa mbwa. Nchi hii ilijiwekea mpango mwaka 2014 kwamba ifikapo 2030 asife tena mtu kwa ugonjwa huo, na njia yenyewe si ya ajabu: mbwa 70 katika kila 100 wachanjwe, mwaka baada ya mwaka. Karani amechanjwa, kadi yake iko kwenye droo moja na hati ya shamba. Hata hivyo tulimpeleka Mheshimiwa hospitali Runyenjes siku hiyo hiyo, akachomwa sindano ya mkono. Wazee wa hapa bado wanatishana na zile sindano za tumbo za zamani, na najua watu waliokwepa hospitali kwa hofu hiyo tu. Ni za mkono siku hizi, ndugu yangu, waambie na wenzako. Karani naye akawekwa ndani siku kumi akitazamwa, maana mbwa mwenye kichaa hamalizi siku hizo akiwa mzima. Alikula kuliko kawaida.

Suruali nililipa. Mizigo miwili ya Kathageri niliilipia pia, kwa boda mwingine. Kijana wa boda anaishi kwa safari za siku. Akikaa nyumbani na mguu umefungwa, chakula cha jioni hakuna, na mkopo wa pikipiki haujui habari za mbwa. Kibao cha "Mbwa Kali" langoni hakimsaidii kitu, kwa sababu yeye ameitwa na mwenye kibao.

Basi Daktari akaanzisha shule. Alichukua gunia la zamani la kahawa, akalitandaza chini ya dirisha la jikoni, mbali na lango. Neno ni moja: "Gunia!" Karani akienda kulala pale, anapata kipande cha pafu kutoka bucha. Kwanza bila mgeni. Kisha Wakili akavaa helmeti akasimama mbali, kimya. Kisha akasogea. Kisha na pikipiki iliyozimwa, kisha inayonguruma. Kila helmeti ikionekana, pafu linatoka. Nia ni mbwa aanze kuingojea helmeti kwa hamu. Mheshimiwa aliporudi, na alirudi, Mungu ambariki, yeye mwenyewe alikuwa akirusha kipande kutoka langoni. Hakuna fimbo. Daktari alisema mbwa akipigwa kila boda anapofika, atajifunza kwamba boda ndio huleta kipigo, na atamchukia zaidi. Nilikuwa nimeshika fimbo alipokuwa akisema hayo, nikaiegemeza ukutani.

Na shule ilifanya kazi! Niliona kwa macho yangu Karani akisikia pikipiki, akibweka mara mbili, akikimbilia gunia, akitetemeka mwili mzima kwa kujizuia, mate yakidondoka. Nilijivunia kuliko nilivyojivunia matokeo ya darasa langu.

Kisha Daktari akarudi Ndomba, na nyumba ikabaki mikononi mwetu.

Kamishna anasahau kusema "Gunia" anaposhtuka; anarudi kwenye "Wewe Karani!" Wakili amegundua kwamba akisema "Gunia" wakati wa chakula, mbwa anaondoka mezani na yeye anabaki na nafasi, kwa hivyo neno limechoka. Kasuku anampa mafunzo ya ziada ya kuruka. Na Cucu, ambaye ndiye ninayempenda na kumwogopa kuliko wote, akisikia Karani anabweka langoni, hutoka polepole na ugali wenye supu na kumwambia kwa Kiembu kwamba amefanya kazi nzuri. Anamlipa. Kazi yote ya likizo nzima inaliwa kwenye sahani moja ya bati.

Utaniuliza kwa nini simwambii. Unatoka wapi wewe? Kwetu mtu hambishii mama mkwe wake. Nilimtuma Kamishna amwambie mama yake, na Kamishna akarudi na jibu: Cucu anasema nyumba aliyozaliwa ilikuwa na mbwa watatu, na hakuna mwizi aliyewahi kuondoka na hata jembe. Na ni kweli. Anachokilinda Cucu ni cha kweli. Msimu wa kuchuma kahawa watu wanaibiwa magunia usiku, na usiku huo mimi mwenyewe hulala vizuri kwa sababu Karani yuko macho. Tunamtaka awe mkali usiku na mpole mchana, atofautishe mwizi mwenye helmeti na mleta gesi mwenye helmeti. Ni mengi kumdai kiumbe asiyejua kusoma saa.

Kwa hivyo tumefika hapa: boda anapiga simu akiwa kwenye kona ya mwembe. Aliye karibu anamfunga Karani nyuma ya nyumba, upande wa zizi, na kamba fupi. Aliyemfunga ndiye anayekwenda kupokea mzigo, ili kusiwe na Wakili wa kivuli. Cucu amekubali sahani ya bati itoke baada ya mgeni kuondoka na mbwa akiwa amenyamaza, japo tafsiri yake ya kunyamaza ni pana.

Alhamisi kuna jambo. Cucu, bila kumwambia mtu, ameagiza vifaranga hamsini, na watafika kwa matatu kwenye boksi lenye matundu, kisha boda atawaleta. Karani hajawahi kuona mzigo unaolia. Kamishna, aliposikia, akasema basi gesi nayo ije siku hiyo hiyo, waje pamoja. Daktari ametoa maagizo kwa simu: gunia lifuliwe, mbwa atembezwe kwanza achoke, pafu liwe la kutosha. Nimempigia mwenye bucha wa Runyenjes anipimie nusu kilo, na ameahidi kuituma asubuhi na mapema, kwa boda.