Mwonjaji Mbele ya Mtungi

Binamu yangu hulipwa mshahara kwa kuonja chai. Kila asubuhi, katika kiwanda kimoja cha huku Kericho, hupangiwa vikombe vyeupe mezani, naye hupita na kijiko chake: anafyonza kwa kishindo, anaizungusha mdomoni, anatema kwenye ndoo, anatoa hukumu. Hii ina nguvu. Hii imeungua. Ile ikifika mnadani Mombasa itatuaibisha. Kazi hiyo imemharibu. Hata supu ya harusini huitema kwanza.

Ndiyo maana nilisita kumpeleka kwenye koito ya binti wa shangazi, upande wa Bomet. Siku hizi sherehe zetu za mahari zimeokoka: hemani ni mursik (maziwa ya mgando), soda na chai ya maziwa, kwa kuwa nusu ya wageni ni waumini wa Africa Gospel na mchungaji amekaa mbele. Maiywek, pombe yetu ya kienyeji, hukaa nyuma ya jiko, pamoja na wazee ambao ghafla wote wamekumbuka kwenda kuangalia ng'ombe.

Nasi tukaenda kuangalia ng'ombe.

Kwa asiyeijua maiywek: unga wa mahindi hukandwa, ukaachwa siku kadhaa uchachuke, ukakaangwa hadi uwe kahawia, kisha ukatiwa maji na kimea cha wimbi. Hicho kimea ndicho mchochezi. Wazee huuzunguka mtungi mmoja na mirija mirefu yenye kichujio cha kusukwa mwishoni, na mama mmoja huongeza maji moto pombe inapopungua. Sheria ya pombe ya mwaka 2010, ile tunayoiita ya Mututho, mbunge aliyeileta, ilizipangia baa saa za kufungua. Mtungi haukuulizwa.

"Hii ni asilimia ngapi?" binamu akauliza.

"Utajua ukisimama," mzee mmoja akamjibu.

Akapewa mrija. Akafyonza kwa kishindo kile cha kiwandani, mazungumzo yakakatika. Akafumba macho. Shavu hili, shavu lile. Nikaiona shingo yake ikitafuta ndoo. Hapakuwa na ndoo. Palikuwa na vifua vya wazee.

Akatema.

Sasa, kwetu Wakipsigis kumtemea mtu pombe ni kumbariki, lakini baraka hizo hushuka kutoka kwa mzee kwenda kwa kijana. Hapa kapera alikuwa amewabariki wakuu wa ukoo, shati kwa shati. Nikatazama pa kukimbilia: michai mitupu, imeshonana kama mkeka, hata mbwa hapenyi.

Mzee mkubwa akajifuta kidevu polepole. "Haya, unaionaje?"

"Wimbi limeota vizuri, mzee. Ila maji yamezidi."

Mama mwenye birika akasonya. Wazee wakaangua kicheko, maana hilo walikuwa wakilinung'unikia tangu adhuhuri na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Akaletewa kigoda. Alitaka kuipa pombe alama, lakini mtungi hautulii: birika likishamiminwa, uliyoisifu si hiyo tena, na mwenye kusifu naye si yule. Isitoshe, sasa alikuwa anameza, jambo ambalo kazini hajazoea. Kufikia saa kumi na moja alikuwa anaisifia hata mrija.

Jioni mzee mmoja alimshika mkono akamwongoza zizini. Ana mtamba aliyekataa kushika mimba, daktari wa mifugo ameshindwa, na kumtemea kidogo, alisema, hakuwezi kumdhuru.