Kompyuta Ikinuna Lushebere: Mwongozo wa Fundi

Jenereta inanguruma, kompyuta yako ya Linux imewaka, wanakwaya wamekaa wanangoja wimbo wa kujifunza, na spika hazisemi neno. Tulia. Mlaumu kwanza aliyeigusa jana. Kama hakuna aliyeigusa, laumu paneli ya jua, hata kama leo mnatumia jenereta. Huku Masisi paneli haijawahi kukataa lawama.

Kisha pandisha sauti hadi mia kwa mia na uendelee kubonyeza, kompyuta ijue hutanii. Chomoa waya, puliza tundu, chomeka popote. Kawaida tundu la kijani ni la spika na la waridi ni la kipaza sauti, lakini fundi anayeangalia rangi mbele za watu hujishushia bei.

Hapo washauri watakuwa wamefika. Mmoja atasema ni virusi. Mwingine ataagiza uifomati, yaani ufute barua zote za parokia ili upate wimbo mmoja. Huyo mpe kiti, ila mbali na kibodi.

Wakichoka kushauri, imebaki njia ya aibu: kuangalia. Fungua terminali, andika alsamixer, bonyeza F6 uchague kadi ya sauti. Nguzo yenye MM chini yake imezimwa. Bonyeza M igeuke 00. Ukikuta Auto-Mute imewashwa, izime: huenda kompyuta inadhani umevaa vipokea sauti, ikanyamazisha spika kwa adabu.

Bado kimya? Mtazame mshukiwa wangu wa siku zote, waya wa HDMI. Mara nyingi Linux huiona skrini ikaituma sauti huko, na skrini nyingi hazina spika. Wimbo unaimbwa barabara, ila unaimbiwa kioo. Ingia kwenye mipangilio ya sauti, mahali pa kuchagua inakotokea, uache HDMI uchukue analogi. Basi. Usimwonyeshe mtu.

Anayetaka kumlaumu mtu wa mbali naye asikose. Mifumo ya sauti ya Linux hubadilishwa kila mara: ALSA iliingia katika kerneli ya 2.6 mwaka 2003, mwaka uliofuata PulseAudio ikaja kukaa juu yake, na mwaka 2021 Fedora 34 ikaiweka PipeWire mahali pa PulseAudio. Ndiyo maana ukipanda kilima kutafuta rezo (mtandao) utashuka na dawa ya ugonjwa wa zamani. Penye PipeWire andika systemctl --user restart wireplumber pipewire pipewire-pulse, bila kutanguliza sudo, maana huduma hizi ni za mtumiaji mwenyewe.

Sauti ikirudi, kohoa, futa jasho hata kama kuna baridi. Mama wa kwaya atauliza, “Papa fundi, ni ngapi?” Wewe uliza kwanza bei ya esansi, ndipo utaje yako. Akileta jibini badala ya franka, hakikisha halijaanza kukatwa, kisha pokea.