Mkebe wa Risiti

Barua ililetwa Jumatano mchana, na aliyeipokea ni Bibi. Aliiweka chini ya sahani ya mihogo, akaendelea kukuna nazi. Jioni ndipo nilipoisoma: mtu aliyenunua kiwanja anakitaka, nasi tubomoe nyumba na tuondoke ndani ya siku 14.

Nyumba ni yetu. Babu aliijenga hapa Majengo, Mombasa, kwa boriti, udongo na chokaa: vyumba 6, ukumbi katikati, ua nyuma. Ardhi haikuwa yetu hata siku moja. Pwani mpango huu tunauita nyumba bila ardhi. Unajenga, unauza, unarithisha wanao, na kila mwezi unamlipa mwenye kiwanja kodi yake. Mzizi mmoja wa hali hii ni sheria ya hati za ardhi ya 1908, iliyowapa hati wale waliojua kwenda kudai. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali ya kikoloni.

Marekani nako wapo wanaomiliki nyumba ya kuhamishika na kukodi kiwanja inaposimama, na wakifukuzwa, gharama ya kuihamisha huwashinda wengi. Yetu haina magurudumu. Ukiambiwa uhamishe nyumba ya udongo, umeambiwa uivunje.

Usiku ule Bibi alivuta mkebe wa biskuti kutoka mvunguni. Humo zilikaa risiti za kodi tangu enzi za Babu. Alipoufungua, sote tulinyamaza. Bati la chumba chake lilikuwa likivuja tangu masika yaanze, na maji yalikuwa yameingia mkebeni. Risiti ziligandana bonge moja, wino wa samawati umetapakaa.

Shangazi alilia. Kaka alisema tusipoteze wakati, tung'oe milango na mabati tuuze kabla tingatinga halijaja. Bibi akamjibu, "Mlango wa babu yako hautoki humu kwa barua ya mtu nisiyemjua."

Tulikesha. Mama alizibandua kwa ncha ya kisu, mojamoja, mimi nikazipokea kwenye uteo, Shangazi akazianika juu ya kitanda cha kamba mbele ya feni. Za juu hazikupona. Za katikati zilipona. Alfajiri tulikuwa na risiti 61 zinazosomeka, nyingi zikiwa na muhuri wa mwenye ardhi wa zamani.

Wakili tuliyemwendea alizipanga mezani mwaka kwa mwaka kabla hajasema neno. Kaka alitumainia ile miaka 12, kwamba aliyekaa kwenye ardhi ya mtu muda huo anaweza kuidai. Wakili alimkatisha: hiyo ni ya aliyekaa bila ruhusa, nanyi kila risiti inashuhudia kwamba mlikaa kwa idhini. Neno hilo lilituuma. Lakini risiti hizohizo, alisema, ndizo zinazoonyesha kwamba hamkuvamia.

Kisha akatusomea Sheria ya Ardhi ya 2012, kama ilivyorekebishwa 2016. Ilani ya kumtoa mtu kwenye ardhi ya mtu binafsi iwe ya maandishi, na muda wake usipungue miezi 3. Naibu kamishna wa kaunti na mkuu wa polisi wa eneo wapewe nakala. Aliyepewa ilani anaweza kwenda mahakamani, nayo mahakama yaweza kuifuta, kuibadilisha, kuisimamisha au kuamuru fidia. Na hata siku ya kuondoka ikifika, mwenye nyumba ndiye apewe nafasi ya kwanza ya kubomoa na kuokoa mali yake.

Nilimwomba akirudie kipengele hicho, Bibi asikie vizuri. Fundi akivunja taratibu utapata mabati, milango, fremu za madirisha na boriti za kuanzia kwingine. Tingatinga likipita hupati hata bawaba.

Hata hivyo naiona sheria hii ni pungufu. Inampa mwenye nyumba muda, haimpi ardhi, na familia iliyolipa kodi vizazi vitatu ilistahili angalau kuulizwa kwanza kama inataka kununua kiwanja kabla ya kuuziwa mtu mwingine.

Tulikwenda mahakamani, nayo mahakama ikasimamisha ilani hadi kesi isikizwe. Mnunuzi amekataa kodi yetu mara mbili. Tunaendelea kuipeleka, na kila akikataa tunaandika tarehe.

Siku ya 14 ilipita tukiwa humuhumu. Kaka alipanda juu akaziba bati la chumba cha Bibi. Risiti ziko kwa wakili, nakala ziko kwa Shangazi Likoni. Nawe uliye Majengo, Kisauni au Likoni kwenye nyumba bila ardhi, zitoe risiti zako leo uzipige picha, kabla mvua hazijazifikia.