Kabla Hujazinunua Pikosekunde

Anza kwa kufunga pochi. Najua usiku umeota HP 5370B, kaunta ya muda ya mtumba, chuma kizito chenye feni inayonguruma, na pikosekunde 20 za kwenye kijitabu chake zimekunyima usingizi. Hilo halina aibu. Katika muda huo mwanga husafiri milimita 6 tu, na anayeweza kuupima mezani kwake nyumbani ana kila sababu ya kufurahi.

Ila unapima nini, na unalinganisha na nini?

Kaunta ya kawaida huhesabu mipigo. Ipe megahezi 10 kwa sekunde moja: itahesabu mipigo milioni 10, huku ikiweza kukosea mmoja. Basi, imefika mwisho wake. Kaunta ya muda huangalia pia mpigo umeangukia wapi kati ya alama mbili za saa yake. 5370B huichukua nafasi ya nanosekunde 5 na kuigawa mara 256, na hapo ndipo zinapotoka zile pikosekunde 20. Kwa sekunde ileile moja unapata sehemu 2 kwa bilioni 100.

Sasa mtu anachukua kipokezi cha GPS cha bei nafuu, ambacho mpigo wake wa kila sekunde huyumba kwa makumi ya nanosekunde, anakichomeka kwenye 5370B. Hiyo ni mizani ya sonara kupimia gunia la mkaa! Kwa kazi hiyo TICC ya TAPR, kibao kidogo kinachokaa juu ya Arduino Mega na kupiga hatua ya pikosekunde 60 hivi, inatosha na kubaki. Nayo inadai saa ya megahezi 10 kutoka nje, kwa hiyo fedha ya kwanza iende kwenye fuwele nzuri ya ndani ya tanuri, au rubidi. Kaunta haiwezi kuishinda saa inayoiongoza.

Muuzaji akikutajia tarakimu 12 kwa sekunde, muulize kipimo kimoja peke yake kina pikosekunde ngapi. Tarakimu nyingi huweza kuzaliwa na wastani wa vipimo vingi, na wastani huo utakufichia mtikisiko uleule unaoutafuta. Kaunta ya SR620 hujibu swali hilo waziwazi: 25.

Halafu utazame ukingo wa wimbi lako. Wimbi la megahezi 10 lenye kilele cha volti 1 hupanda kwa kasi ya volti 63 hivi kwa mikrosekunde. Kelele ya milivolti 1 tu huyumbisha kipimo kwa pikosekunde 16. Likiwa dogo au la polepole, hali huwa mbaya zaidi. Lipitishe kwanza kwenye saketi ya kulinyoosha liwe mraba.

Ukishayatimiza hayo, fungua pochi, lakini usilipe kabla ya kujaribu. Acha chombo kipate moto vizuri. Chukua wimbi moja, ligawe kwa kiungo cha T, upeleke tawi moja kwa kila mlango. Vipimo vikitawanyika, huo ni mtikisiko wa chombo chenyewe, si wa wimbi. Kisha ongeza mita moja ya waya wa koaksia upande mmoja. Namba isogee kwa nanosekunde 5 hivi na itulie hapo. Isipotulia, rudisha waya wako mfukoni.