Ombi la Mwongozo wa Namna Bora ya Kupigwa Kazini

Kwa Wakuu wa Idara za Kuzuia Upotevu wa Mali,
Maduka Makubwa ya Rejareja,
Marekani.

Waheshimiwa,

YAH: KUPIGWA KWA KUFUATA KANUNI

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwandishi tu wa Dar es Salaam, si mwajiriwa wenu, hivyo nianze kwa kushukuru kwamba hamwezi kunifukuza kazi. Nimeisoma kanuni yenu inayomkataza mfanyakazi wa duka kumzuia mwizi, kumfuata, kumgusa au kumrudishia kofi, na ninakiri kwamba ina ubinadamu ndani yake. Televisheni inanunulika, roho hainunuliki. Oktoba 2022, mzee wa miaka 83 aliyekuwa akifanya kazi Home Depot, mjini Hillsborough, North Carolina, alisukumwa na mwizi aliyekuwa akitoka na mzigo. Alianguka, na baadaye akafariki. Aprili iliyofuata, katika duka jingine la kampuni hiyohiyo huko Pleasanton, California, kijana wa ulinzi alipigwa risasi na kufa akijaribu kuzuia wizi. Juu ya hilo hatuna ugomvi. Sisi tunaoishi mahali ambapo mtu akipigiwa kelele za "mwizi!" sokoni anaweza kuchomwa moto kwa ajili ya simu, hatuna ubavu wa kumfundisha mtu subira.

Ninachoomba ni ufafanuzi wa utekelezaji. Kanuni inamwambia mfanyakazi arudi nyuma. Haimwambii arudi wapi.

Mjini Layton, Utah, Januari 2011, wafanyakazi wa Walmart walikuwa wamemwingiza kwenye ofisi yao ndogo ya ulinzi mtu aliyeficha kompyuta ndani ya nguo. Mgeni huyo akatoa bastola, akamkamata mmoja wao na kumwekea mgongoni. Kanuni ya Walmart, iliyobatizwa jina la AP-09, ilikuwa wazi kama mchana: silaha ikionekana, achaneni naye, jitengeni mahali salama, iteni polisi. Wale wafanyakazi, kwa ushamba wao, wakamnyang'anya bastola. Hakuna aliyepigwa risasi. Siku chache baadaye wanne kati yao walikuwa hawana kazi.

Naomba mnisaidie hapo. Mtu mwenye bastola mgongoni, ndani ya chumba ambacho hata pumzi inabanana, anajitenga kwa kutanguliza mguu gani? Na akiwaacha wenzake wakimwangalia tu mpaka bastola ilie, fomu ya kifo inajazwa na nani, na kwenye kisanduku cha "je, marehemu alifuata taratibu?" tutie alama ya ndiyo?

Majaji wa Mahakama ya Juu ya jimbo hilo walipata jibu mwaka 2015, zaidi ya miaka minne baadaye. Walisema haki ya mtu kujitetea ina uzito kuliko uhuru wa mwajiri kumfukuza mtu apendavyo, lakini pale tu ambapo hatari ya kuumizwa vibaya iko mbele yake na hana njia ya kutoka. Mlango ukiwa wazi, ushindi ni wenu. Nami nawapongeza, kwa sababu wanasheria wenu walipinga hata hilo.

Tena mna bahati kwamba Michigan si Utah. Huko Michigan, mfamasia wa Walgreens alikuwa zamu ya usiku mwaka 2011 walipoingia watu wenye bastola. Duka hilo lilikwishavamiwa siku za nyuma, na yeye akajinunulia silaha akawa na kibali cha kuibeba. Alifyatua, majambazi wakakimbia, hakuna aliyeumia. Akafukuzwa. Mwaka 2014 mahakama ya rufani ya shirikisho ikasema kampuni haikuvunja sheria yoyote. Katika majimbo yote isipokuwa Montana, mwajiri wa kawaida anaweza kumwachisha mtu kazi bila kutoa sababu, ilimradi asiguse zile chache zilizokatazwa kisheria. Kubaki hai, kwa bahati mbaya, hakumo kwenye orodha hiyo kila mahali.

Lipo jambo moja ambalo kanuni haikuliandika, nalo ningependa liingizwe ili wafanyakazi wasipate shida ya kulikisia. Juni 2023, mama wa miaka 68 aliyekuwa akifanya kazi Lowe's, mjini Rincon, Georgia, alishika toroli lililojaa mali ya wizi ya zaidi ya dola 2,000. Alipigwa usoni mara tatu, jicho likavimba. Akafukuzwa. Habari ikasambaa, watu wakachachamaa, akarudishwa kazini. Miaka kumi kabla ya hapo, Walmart ya Hartland, Michigan, ilimfukuza mfanyakazi aliyekuwa mapumzikoni usiku wa manane akaingilia kati kumwokoa mwanamke aliyekuwa akishambuliwa kwenye maegesho. Hapo hata bidhaa haikuwepo, alikuwepo binadamu tu. Kelele zikapigwa, kampuni ikamwita arudi. Kwa hiyo kifungu kinachokosekana ni hiki: "Mfanyakazi hataingilia kati, isipokuwa awe na uhakika kwamba atatangazwa kwenye taarifa ya habari." Wafanyakazi wawili wa duka la Lululemon waliowafokea wezi karibu na Atlanta mwaka 2023 na kuwafuata hadi mlangoni walifukuzwa, wakatangazwa pia, lakini mkurugenzi wao alisimama imara na kusema sera ni sera. Sijui walikosea wapi. Labda hawakupigwa vya kutosha.

Msinielewe vibaya, hesabu zenu nazielewa. Mali inayoibwa mmeshaitengea fungu kwenye bajeti, inaitwa upotevu, ina safu yake kwenye daftari. Kesi haina safu. Mwizi akivunjwa mkono na mfanyakazi wenu, atawashtaki. Mfanyakazi akiumia, bima inapanda. Ndipo mtu aliyejitetea na kufika nyumbani salama anapogeuka kuwa hatari kubwa kuliko aliyeingia na bastola, kwani jambazi hayumo kwenye orodha yenu ya mishahara.

Na sisi huku yanatuhusu. Ndugu zetu wa Kivu, Kongo, waliokaa miaka kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kule Kigoma, wamehamishiwa kwenu kwa maelfu, na baadhi yao mmewapa fulana zenye nembo zenu. Hawa wamelelewa kwamba yowe likipigwa usiku, mwanamume anayebaki kitandani atajieleza kwa wazee asubuhi. Mnawapa mafunzo ya kompyuta ya nusu saa, wabofye "nimeelewa", halafu mnatarajia mwili usahau ulichofundishwa na ukoo mzima. Watawaangusha, nawaambia mapema.

Hatujifanyi malaika. Kwetu mambo yamegeuzwa tu: mali ikipotea, anayetazamwa ni muuzaji. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28, inataka apewe nafasi ya kujieleza kwanza, na makato yasizidi robo ya mshahara. Wenye maduka wengi hawajafika ukurasa huo. Kwa hiyo binti wa kaunta wa Dar anamkimbiza mwizi kwa sababu asipomkimbiza atalipa, na wa Georgia anafukuzwa kwa sababu amemkimbiza.

New York ilipitisha sheria mwaka 2024: mafunzo kuhusu ukatili kazini, na kampuni kubwa ziweke vitufe vya kuita msaada kufikia 2027. Kitufe si kitu kikubwa, lakini angalau kinagharimiwa na mwenye duka. Mtu wa pili kwenye zamu ya usiku angegharimu zaidi, na nadhani ndiyo maana kanuni inazungumzia mikono ya mfanyakazi kwa urefu kuliko idadi ya wafanyakazi.

Naomba basi mambo mawili yaandikwe. Kwamba aliyejitetea wakati hana pa kupita hatafukuzwa, na hatasubiri kamera wala jaji. Na kwamba hakuna mtu atakayeachwa peke yake dukani usiku.

Naomba kuwasilisha.

Nakala: Wenye maduka, Dar es Salaam, kwa taarifa. Wasome kifungu cha 28.