Waheshimiwa, Tuzikeni kwa Awamu

Kwa Baba Askofu na Waheshimiwa Wajumbe wa Halmashauri Kuu,

YAH: OMBI LA KURUHUSU MAZISHI KWA AWAMU KWA WADAIWA SUGU



Tafadhalini rejeeni kichwa cha habari hapo juu, kisha rejeeni waraka wenu unaowakumbusha wachungaji kwamba Mkristo asiyetoa bahasha, asiyemaliza ahadi ya jengo na asiyeonekana jumuiyani hatazikwa na kanisa. Waraka ulisomwa kwenye matangazo, ukabandikwa mlangoni, na tangu hapo unatekelezwa bila kukosa. Nawapongeza. Yapo maagizo ya Bwana mwenyewe ambayo hayajawahi kupata usimamizi wa namna hiyo.

Mimi ni mchungaji mstaafu. Sina usharika, sina muhuri, na kwa mujibu wa barua ya onyo mliyoniandikia, sina ruhusa ya kuvaa kanzu yangu kwenye msiba wa mtu ambaye usharika wake umemkataa. Barua hiyo nimeipokea kwa heshima na kuihifadhi kwenye faili moja na zile ninazowaandikia kuhusu malimbikizo ya kiinua mgongo changu. Nimebaki na kalamu, na nyumba iliyo karibu na njia. Wafiwa wakielekea kwa mwenyekiti wa jumuiya hupitia kwangu kwanza, wakaniuliza kwa sauti ya chini: "Baba Mchungaji, wakitukatalia, utakuja hata kutuombea tu?"

Utaratibu mnaujua, mmeutunga wenyewe. Mtu anakata roho usiku. Kabla turubai halijafungwa, mwanawe yuko mlangoni kwa mwenyekiti, na mwenyekiti anatafuta miwani ili afungue daftari. Rambirambi ambazo majirani wametoa kwa ajili ya sukari na majani ya chai zinageuka kuwa bahasha za mwaka juzi. Mwili uko mochwari, na kila siku ya mochwari ina bei yake, kwa hiyo hakuna nafasi ya kubishana. Familia inachangishana, mjomba wa mjini anapigiwa simu, fedha inaingia, kikaratasi kinagongwa muhuri. Hapo ndipo muujiza unapotokea. Marehemu ambaye asubuhi alikuwa amerudi nyuma kiroho, saa nane mchana anasomewa wasifu wa mtumishi mwaminifu, na mchungaji yuleyule aliyesema haiwezekani anahubiri juu ya taji la uzima. Imani ya maiti imekua kati ya chai na chakula cha mchana. Semina zetu zote za neno la Mungu hazijawahi kuzaa matunda ya haraka kiasi hicho.

Kwa kuwa naona waraka hautafutwa, naomba angalau uboreshwe. Kasoro yake ni kwamba unamtaka maskini alipe lote kwa mpigo, wakati hata duka la baiskeli linakubali kidogokidogo. Ndiyo maana naleta pendekezo la mazishi kwa awamu.

Kaburi ni futi sita. Kila futi ihesabiwe kuwa mwaka mmoja wa bahasha. Aliyekamilisha miaka sita ya mwisho ashushwe mpaka chini kwa heshima zote, kwaya zikipokezana. Aliyelipa minne ashushwe futi nne. Aliyelipa miwili ashushwe futi mbili, kifuniko cha jeneza kikiwa usawa wa nyasi, ili awe fundisho kwa wapita njia na kiti kwa wajukuu. Kahawa ikiuzwa na watoto wakatuma chochote kwa simu, mhasibu wa usharika afike na tepu ya fundi, vijana wa jumuiya warudi na majembe, mzee ateremshwe futi moja, na kwaya iimbe ubeti mmoja unaolingana na malipo hayo. Risiti ipigiliwe juu ya jeneza, upande wa kichwani, mahali pasipofikiwa na mvua. Jumapili, kwenye matangazo, baada ya sadaka ya wiki iliyopita na kabla ya kikao cha akina mama, isomwe orodha ya hali halisi: huyu amebakiza futi moja na nusu, yule hajasogea tangu Pasaka, familia zinakumbushwa.

Ibada nayo ifuate malipo. Mchungaji hutupa udongo mara tatu. Udongo wa kwanza, unaomkumbusha marehemu kwamba alitoka mavumbini, utolewe bure kama huduma kwa jamii, maana habari hiyo anayo. Wa pili, wa kumrudisha mavumbini, utolewe deni likifika nusu. Wa tatu, ule unaotangaza kwamba Bwana atamfufua, uzuiliwe ofisini ndani ya bahasha ya kaki mpaka deni lote liishe. Haifai mtu kufufuka kwa mkopo.

Liko tatizo moja ambalo naomba kamati ya fedha ilitazame mapema. Bwana akirudi kabla ya awamu ya mwisho, mdaiwa wa futi mbili atakuwa karibu zaidi na juu kuliko waliomaliza kulipa, na anaweza kuwatangulia. Hiyo itawavunja moyo watoaji waaminifu. Pengine awekewe zege.

Maombi mengine ni madogo. Jogoo wa mnada wa mavuno, akishanunuliwa na kurudishwa mara ya tatu katika ibada moja, apewe maji. Watoto wa kipaimara waongezewe somo la riba. Wagonjwa wa muda mrefu wapewe fomu ya kuomba likizo ya bahasha, ijazwe nakala tatu. Na mgeni rasmi wa harambee, kabla hajakalishwa kwenye kiti cha mbele, aulizwe naye yuko jumuiya gani.

Hilo la mwisho nalifuta. Jibu lake linajulikana hadi kwa watoto wa Shule ya Jumapili. Mgeni rasmi hana jumuiya, hajawahi kuketi kwenye jamvi la mtu akasoma naye neno, na ndoa yake hatutaizungumzia. Akifa, mtakuja na msafara, mkigombania nani ahubiri. Kwa huyo daftari halifunguliwi. Daftari hufunguliwa kwa anayekuja kwa miguu.

Kulikuwa na mama aliyefagia kanisa kila Jumamosi, akapanga maua madhabahuni kwa mikono ileile aliyochumia kahawa ya watu. Akapata kiharusi. Mkono ukalala, mguu ukalala, na bahasha nayo ikalala. Katika muda wote aliokaa kitandani, jumuiya haikwenda kwake, mzee wa kanisa hakwenda, meza ya Bwana haikupelekwa. Siku alipokufa ndipo kanisa lilipomkumbuka, likamtumia hesabu yake. Mjukuu wake, kijana wa bodaboda, alilipa kwa noti zilizokunjwa mfukoni, fedha ya siku aliyopaswa kumpelekea tajiri mwenye pikipiki. Alilipa akiwa amesimama. Hakuna aliyemkaribisha kiti.

Niambieni, waheshimiwa, mlimwuzia nini yule mtoto? Kaburi lilichimbwa bure na vijana wa mtaa. Lilichimbwa kwenye shamba la bibi yake, chini ya migomba aliyoipanda mwenyewe. Jeneza alitengeneza jirani. Chakula walipika wanawake, wengine wakiwa wa dini nyingine. Kanisa lilileta midomo yetu tu, na hiyo ndiyo iliyokuwa na bei. Kila Oktoba 31 tunasimama na kuimba kwa nguvu tukimshukuru Mungu kwa Martin Luther na hoja zake 95 za mwaka 1517, tukimsema vibaya Johann Tetzel aliyezunguka akiuza vyeti vya msamaha ili Roma ijenge kanisa la Mtakatifu Petro. Tukimaliza wimbo tunauliza hesabu ya jengo letu imefikia wapi, na nani amefariki.

Naombeni radhi kwa ukali huo. Narudi kwenye lugha ya ofisi.

Kwa ajili ya kumbukumbu za kikao, naambatanisha maoni kutoka kwa wazoefu. Yusufu wa Arimathaya alipokwenda kuomba mwili wa Bwana, liwali Pilato alitaka kujua jambo moja tu, na Marko ameliandika katika sura ya 15: kama kweli amekwisha kufa. Akamwita akida, akida akathibitisha, mwili ukatolewa. Hakuulizia kadi. Makuhani wakuu nao, Yuda alipowatupia vile vipande thelathini vya fedha, walishauriana wakanunua shamba la mfinyanzi ili wageni wapate pa kuzikwa. Fedha ilikuwa ya damu, nia ilikuwa ya kujisafisha, lakini maiti wa mgeni alipata ardhi bila kuulizwa alikuwa akihudhuria sinagogi gani. Hao ndio watu wabaya wa Ijumaa Kuu, tunaowahubiri kila mwaka kwa sauti ya kukemea. Kwenye suala la mazishi wametupita mbali.

Na yule aliyezikwa siku ile angepata shida sana kwetu. Kaburi lilikuwa la mtu mwingine. Michango yake ya kifedha inayojulikana ni kodi ya hekalu, sarafu iliyotolewa kinywani mwa samaki, tena ikahesabiwa kwa watu wawili, yeye na Petro. Mwenyekiti wa jumuiya angevua miwani akatikisa kichwa.

Msinijibu kwamba kanisa haliendeshwi kwa maombi peke yake. Nalijua hilo. Mshahara wangu ulitoka kwenye bahasha hizohizo, watoto wangu walisoma kwazo, na bati halishuki kutoka mbinguni. Wako watu wenye uwezo kabisa wanaoacha kutoa kwa uchoyo tu. Wafuateni. Nendeni kwao jioni, mketi sebuleni, mwambieni mtu usoni kwamba anakula kwa jasho la wenzake. Hamwendi, kwa sababu aliye hai atawauliza mlikuwa wapi mwanawe alipofukuzwa shule, na fedha ya jengo la kwanza iliishia wapi. Aliyekufa haulizi, na aliyefiwa hana nguvu za kuuliza. Ndiyo maana mmewachagua hao. Mkopeshaji wa mtaani mwenyewe humpa mfiwa siku tatu za matanga kabla ya kubisha hodi.

Nasubiri jibu kwa maandishi. Kama kikao kitaona ombi la awamu ni kejeli kwa marehemu na aibu kwa Injili, nitashukuru sana, ilimradi maneno hayohayo yaandikwe kuhusu waraka, katika muhtasari uleule, na kusainiwa na walewale.

Nikifa mimi na bahasha zangu zikaonekana pungufu, msimsumbue mke wangu. Mzikate kwenye kiinua mgongo ninachowadai. Kitakachobaki, na ni kingi, mmlipie yeyote atakayekuwa mochwari siku hiyo akingoja daftari, mtoeni azikwe kabla yangu, na wa mwisho kwenye orodha niwe mimi.

Wenu katika shamba la Bwana,

Mchungaji mstaafu

Nakala: Wenyeviti wote wa jumuiya. Tafadhali ibandikwe mlangoni, jirani na waraka.